Fedha za Chama cha Waamuzi cha Mkoa: Zipi ni za Chama, Zipi ni za Mwamuzi

Kila msimu wa ligi ya mkoa unapoanza, suala la fedha za waamuzi huibuka upya, na mara nyingi huibukia uwanjani badala ya mezani. Mwamuzi amesafiri kwa nauli yake, mchezo umekwisha, na mwandaaji wa mashindano anaomba asubiriwe hadi wiki ijayo. Kwa mtazamaji aliyekuja kushangilia timu yake, jambo hilo ni dogo. Kwa chama cha waamuzi cha mkoa, ndilo kiini cha hesabu zote, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha zinazoandikwa katika vitabu vya chama cha aina hiyo si mali ya chama. Ni posho na nauli za wanachama zinazopita mikononi mwa viongozi kuelekea kwa wenyewe.

Makala haya yanaeleza namna fedha hizo zinavyoingia na kutoka, yakichukua mfano wa waamuzi wa mpira wa miguu Tanzania Bara. Utaratibu unaoelezwa unaweza pia kutumiwa na waamuzi wa netiboli, kikapu, wavu na michezo mingine, ingawa viwango na majina ya vyeo hutofautiana.

Hadhi ya chama

Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lilianzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, ambayo ilifanyiwa marekebisho kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1971. Vyama na vilabu vya michezo husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Michezo aliye chini ya Baraza hilo, kwa mujibu wa Kanuni za Usajili Na. 442 za mwaka 1999. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa kuwa michezo si miongoni mwa mambo ya Muungano.

Katika soka, Chama cha Waamuzi wa Mpira wa Miguu Tanzania (FRAT) ni mwanachama shiriki wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), sambamba na vyama vya makocha, wachezaji, madaktari wa michezo na soka la wanawake. Waamuzi wa mkoa hujipanga chini ya mwavuli huo, wakiwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati tendaji wanayoichagua wenyewe. Chama hicho si cha kibiashara: ziada ikipatikana haigawanywi kwa wanachama kama gawio, bali hubaki kwa shughuli zilizotajwa katika katiba.

Hapa kuna tofauti ambayo wananchi wengi, na hata baadhi ya viongozi wa vilabu, huichanganya. Kamati ya waamuzi ni chombo cha shirikisho au cha chama cha soka, na kazi yake ni kupanga waamuzi, kuwapima na kusimamia nidhamu yao ya kitaaluma. Kanuni za FIFA zinataka shughuli ya uamuzi ibaki chini ya shirikisho mwanachama, wala isimamiwe na chombo cha nje. Chama cha waamuzi, kwa upande wake, ni umoja wa waamuzi wenyewe kwa ajili ya maslahi na ustawi wao. Anayempanga mwamuzi na anayemtetea alipwe ni watu wawili tofauti, au angalau wanapaswa kuwa hivyo. Katika mikoa yenye waamuzi wachache si ajabu kumkuta mtu mmoja akishika kofia zote mbili, na hapo ndipo hesabu huanza kuingia ukungu.

Fedha zinazoingia

Chanzo cha kwanza na cha uhakika zaidi ni wanachama wenyewe: kiingilio na ada ya mwaka. Fedha hizi ni za chama bila ubishi. Udhaifu wake ni kwamba ni kidogo, na hulipwa kwa kasi pale tu uchaguzi au kozi inapokaribia, kwa kuwa mwanachama asiyelipa hupoteza sifa ya kupiga kura au kushiriki.

Chanzo cha pili ni makato. Pale katiba au azimio la mkutano mkuu linaporuhusu, sehemu ndogo ya posho ya kila mchezo hubakizwa kwa ajili ya uendeshaji. Neno la kuzingatia ni «linaporuhusu». Makato yasiyo na azimio lililoandikwa katika muhtasari wa mkutano ni fedha ya mwanachama iliyochukuliwa bila ridhaa yake, hata kama imetumika kwa jambo jema.

Chanzo cha tatu ni ada za kozi na semina, na cha nne ni misaada ya wadau: jezi, filimbi, bendera, vocha za mafuta, au ukumbi wa halmashauri unaotolewa bure kwa siku mbili. Misaada ya vitu husahaulika sana katika taarifa za fedha. Seti ishirini za jezi za waamuzi zilizotolewa na mfanyabiashara wa mjini zina thamani, zilipokelewa na mtu fulani, na ziligawiwa kwa watu fulani. Zinastahili kuandikwa katika daftari la mali kama fedha taslimu inavyoandikwa katika daftari la fedha.

Chanzo cha tano ndicho kikubwa na chenye utata: posho na nauli za waamuzi kutoka kwa waandaaji wa mashindano. Waandaaji hao ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Ipo ligi ya mkoa na za wilaya. Yapo mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Yapo ya watumishi wa umma, SHIMIWI kwa wizara, idara na mikoa na SHIMISEMITA kwa mamlaka za serikali za mitaa. Kisha yapo mabonanza, makombe ya viongozi na mashindano ya mitaani maarufu kama ndondo. Haya ya mwisho huweza kuwa na mashabiki wengi na zawadi nono, lakini pia ndiyo yenye nyaraka chache zaidi. Fedha hutolewa mkononi, bila orodha ya malipo, na saini haiombwi.

Hesabu ya mfano

Ukubwa wa tofauti kati ya fedha za chama na fedha za waamuzi unaonekana vizuri kwa hesabu ya kufikirika. Tuseme ligi ya mkoa ina timu 12 zinazocheza nyumbani na ugenini. Idadi ya michezo ni 132. Kila mchezo unahitaji mwamuzi wa kati, wasaidizi wawili na mwamuzi wa akiba, yaani nafasi 528 za kazi kwa msimu. Ikiwa posho ya wastani kwa kila nafasi ni shilingi 15,000, jumla ni shilingi 7,920,000.

Tuseme pia chama kina wanachama 60 wanaolipa ada ya shilingi 10,000 kwa mwaka, na mkutano mkuu umeridhia makato ya asilimia 10 ya posho. Ada zitaleta shilingi 600,000 na makato shilingi 792,000. Fedha halisi za chama kwa mwaka ni shilingi 1,392,000, wakati jumla ya fedha zilizopita katika vitabu vyake ni shilingi 8,520,000. Katika kila shilingi 100, takriban 16 ni za chama na 84 ni za waamuzi.

Viwango hivyo ni vya mfano tu, na kila mkoa unaweza kuweka vyake. Lakini uwiano haubadiliki sana, na unaonyesha kwa nini mweka hazina anayesoma salio la benki na kutangaza kwamba «chama kina milioni tano» anaweza kuwa anasema jambo la hatari. Huenda milioni nne kati ya hizo ni posho ambazo bado hazijawafikia waliozitolea jasho.

Upande wa pili wa mfano huo ni madeni. Ikiwa robo ya michezo, yaani 33, imechezwa na posho haijalipwa hadi msimu unaisha, deni ni shilingi 1,980,000. Kiasi hicho kinazidi mapato yote ya chama kwa mwaka mzima. Kiongozi mwenye huruma atashawishika kuchota fedha za ada ili awatulize waamuzi wanaodai, akiamini mwandaaji atalipa baadaye. Mwandaaji asipolipa, chama kimefilisika kwa deni lisilo lake, na kozi ya mwaka unaofuata haitafanyika.

Nani anamkabidhi mwamuzi bahasha

Athari kubwa zaidi ya mfumo mbovu wa malipo haionekani katika vitabu. Utaratibu uliozoeleka katika ngazi za chini ni timu mwenyeji kugharamia waamuzi siku ya mchezo. Maana yake ni kwamba mwamuzi hupokea posho yake kutoka kwa upande mmoja kati ya pande mbili anazozihukumu, pengine kabla ya mchezo, pengine baada ya matokeo kujulikana. Hata akichezesha kwa haki tupu, timu mgeni iliyonyimwa penalti itakuwa na la kusema. Na mwamuzi anayejua kwamba posho yake itatoka tu iwapo mwenyeji ataondoka uwanjani akiwa na furaha, amewekwa katika mtihani ambao hakupaswa kuwekwa.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa ajili ya watumishi wa umma pekee. Makosa ya kutoa na kupokea rushwa yanawahusu pia walio nje ya Serikali. Posho halali si rushwa. Lakini posho isiyo na kiwango kilichotangazwa, isiyo na saini na inayotolewa pembeni na kiongozi wa klabu haina kitu cha kuitofautisha na rushwa pindi mashaka yanapoibuka. Karatasi yenye jina, tarehe, mchezo, kiasi na saini humlinda mwamuzi kuliko maelezo yoyote atakayotoa baadaye.

Njia mbadala ni timu zote kulipa gharama za waamuzi kabla ya ligi kuanza, kama sehemu ya ada ya ushiriki, katika akaunti ya chama cha soka au ya mashindano. Viongozi wa vilabu hupinga kwa hoja kwamba ni mzigo mpya. Hesabu haiungi mkono hoja hiyo. Katika mfano uliotolewa, gharama ya waamuzi kwa mchezo mmoja ni shilingi 60,000. Timu inayolipia michezo yake 11 ya nyumbani hutumia shilingi 660,000. Jumla ya shilingi 7,920,000 ikigawanywa kwa timu 12, kila moja hulipa shilingi 660,000 zilezile. Haiongezeki hata shilingi moja. Kinachobadilika ni mkono unaomkabidhi mwamuzi fedha yake, na siku ambayo fedha hiyo inapatikana. Kwa klabu zisizoweza kulipa kwa mkupuo, awamu mbili au tatu zilizotangazwa katika kanuni za mashindano zinatosha, ilimradi awamu ya kwanza itangulie filimbi ya kwanza.

Nauli ni suala la pekee. Mwamuzi wa wilayani anayechezesha makao makuu ya mkoa anaweza kutumia nauli kubwa kuliko posho yenyewe. Badala ya kukadiria kwa macho, chama kinaweza kutumia viwango vya nauli za mabasi vinavyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kama kipimo, na kutenganisha safu ya nauli na safu ya posho katika orodha ya malipo. Makato ya chama yasiguse nauli, kwani nauli si kipato bali ni kurejeshewa kilichotumika.

Fedha zinazotoka

Matumizi ya chama chenyewe si mengi. Kubwa ni mafunzo na upimaji. Mwamuzi hapandishwi daraja kwa kukaa muda mrefu. Hupimwa uelewa wa sheria 17 za mchezo na utimamu wa mwili. Jaribio la FIFA kwa waamuzi wa kati lina mbio sita za mita 40, zikifuatiwa na mizunguko kumi ya uwanja wa riadha wa mita 400, ambapo hukimbia mita 75 na kutembea mita 25 mfululizo hadi jumla ya mita 4,000. Ili watu 60 wapimwe ipasavyo panahitajika uwanja wenye vipimo sahihi, saa, koni, maji, mhudumu wa afya na mkufunzi ambaye mara nyingi hutoka nje ya mkoa. Siku mbili za namna hiyo zinaweza kumeza nusu ya mapato ya mwaka.

Gharama hiyo haikwepeki, kwa kuwa mwamuzi wa kimataifa haanzii Ligi Kuu. Jonesia Rukyaa wa Kagera, aliyechezesha mchezo wa watani wa jadi Simba na Yanga Februari 2016, ni miongoni mwa waamuzi waliotoka mikoani hadi kubeba beji ya FIFA. Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo Tanzania imekabidhiwa kuziandaa pamoja na Kenya na Uganda, zimeongeza macho yanayowatazama waamuzi wa ukanda huu, na ngazi ya mkoa ndiyo inayowazalisha.

Matumizi mengine ni mikutano, shajala, ada za usajili, uchaguzi na vifaa. Mengi ya haya hununuliwa kwa wafanyabiashara wanaotakiwa kutoa risiti za EFD, na mweka hazina anayerudi na karatasi ya mkono asiyoweza kueleza asili yake anajiwekea deni.

Lipo pia fungu la ustawi: rambirambi, matibabu ya mwamuzi aliyeumia au kushambuliwa uwanjani, harusi. Fungu hili lina nguvu ya kijamii, na kwa wanachama wengi ndilo sababu ya kwanza ya kuupenda umoja wao. Ni busara likawa na daftari lake na, ikiwezekana, akaunti yake. Likichanganywa na fedha za uendeshaji, msiba mmoja unaweza kuondoka na fedha za kozi, wala hakuna atakayethubutu kuhoji.

Vitabu, benki na simu

Chama kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina lake, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Tatizo la sasa si ukosefu wa benki bali wepesi wa simu. Waandaaji hutuma posho kwa namba binafsi ya katibu au mweka hazina, ambamo huchanganyika na fedha za familia. Hata pasipo nia mbaya, baada ya miezi mitatu hakuna awezaye kutenganisha ada ya mwanachama na fedha ya mbolea. Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama huondoa tatizo hilo na huacha kumbukumbu ya kila muamala.

Daftari moja linalostahili kuwapo katika kila chama ni rejesta ya michezo. Kila mchezo huwa na mstari wake: tarehe, uwanja, mashindano, majina ya waamuzi wanne, kiasi kinachodaiwa, siku fedha zilipopokelewa na siku zilipolipwa. Mstari wenye nafasi tupu katika safu ya mapokezi ni deni la mwandaaji. Mstari uliojazwa mapokezi lakini mtupu katika malipo ni deni la chama. Mwanachama yeyote, hata asiyejua uhasibu, anaweza kuusoma.

Kuhusu kodi, dhana kwamba chama kisichogawana faida kimesamehewa moja kwa moja si sahihi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, hadhi ya taasisi ya hisani hutolewa na Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) baada ya kuombwa, na ina masharti yake. Vilevile, waandaaji wa mashindano wanaolipa kwa huduma wanapaswa kuzingatia kodi ya zuio, ambayo kwa huduma zinazotolewa na mkaazi ni asilimia 5. Kodi ikizuiwa, mwamuzi ana haki ya kupewa uthibitisho wake. Ofisi za TRA za mikoa hutoa ufafanuzi kwa kila chama kulingana na nyaraka zake.

Ukaguzi na malalamiko

Taarifa ya fedha husomwa katika mkutano mkuu wa mwaka. Taarifa inayokidhi haja huonyesha mambo kwa kutenganisha: mapato ya chama, fedha za waamuzi zilizopokelewa, zilizolipwa na zilizobaki, madeni kwa jina la kila mwandaaji, na fungu la ustawi. Wakaguzi wanaochaguliwa na wanachama wasiwe wajumbe wa kamati tendaji, na wapewe vitabu siku za kutosha kabla ya mkutano, si asubuhi ya mkutano. BMT imekuwa ikivikumbusha vyama vya michezo kulipa ada ya mwaka, kufanya chaguzi kwa mujibu wa katiba na kuwasilisha taarifa za utendaji na fedha. Chama kinachozembea katika hayo hujiweka katika hatari ya kuchukuliwa hatua na Msajili.

Mwanachama asiyeridhika na hesabu anaanza kwa barua kwa katibu wa chama, akitaja michezo aliyochezesha, tarehe na kiasi anachodai. Asipojibiwa, anaweza kulifikisha suala hilo katika chama cha soka cha mkoa na kwa Afisa Michezo wa Mkoa, na hatimaye kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, BMT. Pale inapodhihirika kwamba fedha zimechukuliwa, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu kuhusu wizi unaofanywa na aliyekabidhiwa mali ya mwingine, na taarifa hupelekwa kituo cha Polisi. Viashiria vya rushwa, ikiwamo klabu kumpa mwamuzi fedha nje ya posho iliyotangazwa, hutolewa taarifa katika ofisi ya Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) iliyo karibu au kwa kupiga simu ya bure namba 113.